Metali haina kaboni, sumu ya kikaboni inatoka wapi?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Naishi umbali usiofika kilomita mbili kutoka kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu, hasa shaba na alumini. Usiku harufu huwa kali mpaka tunafunga madirisha, lakini mchana hatuoni moshi wa maana. Tulipolalamika, msimamizi alitwambia metali haina kaboni, kwa hiyo haiwezi kutoa sumu za kikaboni kama dioksini, na kwamba vumbi lote linachujwa. Je, ni kweli? Tuvae barakoa? Nafuga kuku wachache wanaojitafutia chakula uani, na binti yangu ananyonyesha mtoto wa miezi minne."

Jibu:

Mama, msimamizi huyo amesema nusu ya kweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayokuhusu. Shaba safi haina kaboni, alumini safi haina kaboni. Lakini kiwanda cha vyuma chakavu hakipokei metali safi. Kinapokea nyaya zilizovikwa plastiki, makopo yenye rangi na vanishi, injini zilizolowa oili, fremu za madirisha zenye vipande vya mpira, na maranda ya metali kutoka mashine za kukereza ambayo bado yanachuruzika mafuta. Vyote hivyo vina kaboni, na vingi vina klorini pia. Plastiki ya PVC inayovika nyaya, kabla haijachanganywa na viungo vingine, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini: karibu asilimia 57. Sumu unayoiulizia inaanzia kwenye vile vilivyoshikamana na metali, kisha inakamilika moshi unapopoa. Naomba ulishike hilo la kupoa, kwa sababu ndilo linaloamua kama kiwanda ni jirani mwema au ni jirani wa hatari.

Tuufuate mzigo tangu unapotiwa tanurini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, shaba kwenye nyuzi 1,085. Rangi, mafuta na plastiki havisubiri kufika huko. Huanza kuvunjika kati ya nyuzi 200 na 500, kwa hiyo uchafu wote huwa umegeuka moshi kabla metali yenyewe haijalainika. Ndiyo maana moshi mzito wa kiwanda cha namna hii hutoka dakika za mwanzo baada ya kutia mzigo. Ikiwa nafasi iliyo juu ya mzigo ina joto la kutosha na hewa ya kutosha, moshi huo huungua mpaka ukabaki hewa ya kaboni dayoksaidi, mvuke wa maji na asidi ya hidrokloriki ambayo ni rahisi kuidhibiti. Ikiwa wafanyakazi wamejaza tanuri kwa pupa, au tanuri halijashika moto sawasawa, moshi huondoka haujaungua. Hubeba masizi, chembe za shaba, klorini, na vipande vya molekuli vilivyokatika njiani.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, hata wahandisi. Hudhani dioksini inazaliwa kwenye moto mkali. Kumbe moto mkali huivunja: juu ya nyuzi 850, gesi ikikaa hapo kama sekunde mbili na ikachanganyika vizuri na oksijeni, dioksini haidumu. Tatizo ni safari ya kutoka tanurini hadi kwenye dohani. Gesi inapopita katika joto la kati ya nyuzi 450 na 250 hivi, kaboni iliyo kwenye masizi, klorini na oksijeni huanza kuungana upya juu ya chembe za vumbi, na misombo ya shaba huharakisha kazi hiyo kama kichocheo. Shaba ni miongoni mwa vichocheo vikali zaidi vinavyojulikana kwa jambo hili. Kwa hiyo mtu anayeyeyusha shaba chakavu yenye mabaki ya PVC anakuwa amekusanya mahali pamoja kila kinachohitajika: kaboni, klorini, kichocheo, na bomba refu lenye vumbi lililoganda kwenye kuta zake. Dioksini iliyovunjwa tanurini inaweza kutengenezwa tena mita chache mbele.

Kwenye alumini kuna jambo jingine la kusikitisha zaidi, maana klorini nyingine huongezwa kwa makusudi. Alumini chakavu huyeyushwa chini ya tabaka la chumvi, mchanganyiko wa kloridi ya sodiamu na kloridi ya potasiamu, ili isiliwe na oksijeni. Baadhi ya viwanda hupitisha gesi ya klorini ndani ya metali iliyoyeyuka ili kuondoa magnesiamu. Zamani, na mahali pengine hata baada ya kukatazwa kwingineko, walitumbukiza vidonge vya heksakloroetani kuondoa mapovu ya gesi, na vidonge hivyo vilizalisha heksaklorobenzini, sumu nyingine iliyo kwenye orodha za kimataifa pamoja na dioksini. Nitie neno langu hapa: kiwanda kinachotumia bado vidonge hivyo hakina kisingizio, kwa sababu gesi ya nitrojeni au agoni inafanya kazi hiyo hiyo bila kuacha sumu hiyo.

Tukisema "dioksini" tunataja kwa mkato familia mbili, dioksini na furani. Zikiwekwa pamoja ni aina 210, yaani 75 za dioksini na 135 za furani. Kati ya hizo, 17 ndizo zinazotutia hofu, na iliyo kali kuliko zote huandikwa 2,3,7,8-TCDD. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Nyingine hupimwa kwa kulinganishwa na hiyo, na jumla yake huandikwa kwa vifupisho vya TEQ. Kipimo chenyewe ni kidogo kupita macho na akili: nanogramu, sehemu moja ya bilioni ya gramu, katika kila mita ya ujazo ya gesi ya dohani. Ukipewa cheti kisicho na neno nanogramu wala TEQ, hicho si cheti cha dioksini, hata kama kina mihuri mitano. Mara nyingi watu huonyeshwa vipimo vya vumbi au vya dayoksaidi ya salfa wakaridhika.

Sasa harufu. Dioksini kwa kiasi kinachotoka dohani haina harufu. Unachonusa usiku ni ndugu zake wepesi: mafuta yaliyoungua nusu, fenoli kutoka gundi na rangi, benzini na jamaa zake, pengine formaldehidi. Hawa nao si wageni wema. Benzini inasababisha saratani ya damu, na formaldehidi imo katika kundi lile lile la kwanza. Kama karibu na tanuri kuna sehemu ya kusubu, yaani kumimina metali kwenye kalibu za mchanga, gundi inayoshika mchanga huo huungua metali inapoigusa na kutoa harufu kali inayofanana na dawa ya choo. Kazi ya kusubu chuma na feleji imeorodheshwa kuwa kazi inayosababisha saratani kwa wanaoifanya, na gesi hizi ni sehemu ya sababu.

Kwa nini usiku? Sababu moja ni ya hali ya hewa. Ardhi hupoa jua likizama, na hewa baridi hulala chini ikifunikwa na hewa yenye joto juu yake. Moshi unaotoka chini chini hukosa pa kupandia. Sababu ya pili ni ya binadamu, nami sitaificha: mzigo mchafu zaidi mara nyingine hutiwa usiku kwa sababu hakuna anayeona. Sijui kama ndivyo huko kwenu, ila kuna njia ya kutambua. Andikeni saa harufu inapoanza na inapokwisha, pamoja na upande upepo unakotoka. Daftari la wiki chache lililoandikwa na nyumba kadhaa linamlazimisha mkaguzi kuja saa inayostahili. Na kutokunusa kitu mchana kusikupe amani ya bure, kwa kuwa kitu kibaya zaidi katika moshi huo hakinuki.

Mbali na dioksini na hizo gesi zenye harufu, kuna jamii ya tatu ya sumu, hidrokaboni zenye pete nyingi, ambazo benzopirini ndiyo maarufu. Hizi hazihitaji klorini wala shaba. Zinatoka popote penye kaboni inayoungua kwa kukosa hewa. Ndizo zenye historia ndefu kuliko zote katika somo hili. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa wasafisha dohani waliojaa masizi tangu utotoni. Mwaka 1933 watafiti waliitenga benzopirini kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, wakajua adui ana jina. Lami hiyo hiyo ndiyo inayotumika katika viwanda vya alumini ya madini, vile vya umeme mwingi, hasa vile vya mtindo wa zamani wa Söderberg, ambako anodi, yaani bonge la kaboni linalopitisha umeme, huokwa ndani ya chungu chenyewe cha kuyeyushia na mvuke wa lami ukapanda juu ya wafanyakazi. Huko Quebec, Kanada, ndiko ulikoonekana wazi uhusiano wa mvuke huo na saratani ya kibofu. Viwanda vipya huoka anodi mahali pengine, ndani ya tanuri lililofungwa, na mfanyakazi wa chunguni hupata mvuke mdogo sana. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha jinsi kubadili hatua moja ya kazi kunavyookoa kuliko barakoa elfu.

Turudi kwa msimamizi na maneno yake kwamba vumbi lote linachujwa. Huenda anasema kweli. Vichujio vya mifuko, vikitunzwa, hunasa vumbi karibu lote, na kwa kuwa dioksini nyingi hung'ang'ania vumbi, vichujio hivyo husaidia sana. Swali la kumuuliza ni gesi ina joto kiasi gani inapofika kwenye mifuko. Ikifika ingali ya moto, sehemu ya dioksini iko katika hali ya mvuke, na kuinasa kwa kitambaa ni kunasa mvuke kwa chandarua. Kiwanda kilichojengwa vizuri hufanya mambo yafuatayo kwa mpangilio. Kwanza huunguza moshi tena kwenye chumba chenye nyuzi zaidi ya 850. Kisha huipoza gesi ghafla, kwa mfano kwa kuinyunyizia maji, ishuke chini ya nyuzi 250 na ikiwezekana chini ya 200, ili ipite lile eneo la hatari kabla kichocheo hakijapata muda wa kufanya kazi. Baadaye hupuliza unga wa mkaa amilifu ndani ya bomba. Mvuke wa dioksini hunata kwenye mkaa, mkaa hunaswa na mifuko. Mkaa amilifu ndio unaotofautisha kichujio cha vumbi na kichujio cha dioksini.

Vipo viwango vya kulinganisha. Mkataba wa Stockholm kuhusu vichafuzi vya kikaboni vinavyodumu, uliopitishwa Mei 2001 na kuanza kutumika Mei 2004, unataja kwa majina katika Kiambatisho C viwanda vinavyoweza kutoa sumu hizi kwa wingi bila kukusudia: uzalishaji wa shaba kutokana na chakavu, wa alumini kutokana na chakavu, wa zinki kutokana na chakavu, na mitambo ya sinta katika viwanda vya chuma, inayookea unga wa madini uwe mabonge. Kwa hiyo dai kwamba uyeyushaji wa metali hauwezi kutoa dioksini linapingana na mkataba ambao nchi nyingi sana zimeuridhia. Katika Umoja wa Ulaya, maamuzi ya 2016 kuhusu metali zisizo chuma yaliweka kiwango kinachofikiwa na mbinu bora kuwa kisichozidi nanogramu 0.1 za TEQ kwa mita ya ujazo. Kinafikiwa, na viwanda vinavyokifikia bado vinapata faida.

Hata hivyo usiitazame dohani peke yake. Mlango wa tanuri ukifunguliwa kutia mzigo, moshi hufurika chumbani na kutokea kwenye paa na madirisha. Haupiti kwenye kichujio chochote, hautapimwa na yeyote aliyepanda dohani na vyombo vyake, na kwa kuwa unatokea chini, unatua karibu. Mara nyingi moshi huu wa paani ndio unaoumiza majirani kuliko ule wa juu. Kifuniko kikubwa cha kunyonya moshi juu ya mlango wa tanuri ni kifaa cha kawaida kabisa, na ukikuta kiwanda hakina, umepata jibu la nusu ya maswali yako.

Tena muulize vumbi lililonaswa linapelekwa wapi. Dioksini iliyozuiwa angani haijatoweka. Imo kwenye magunia ya vumbi. Nimewahi kuona vumbi la vichujio likirundikwa wazi nyuma ya ukuta, upepo ukilichukua, na kwingine likitumika kujazia mashimo ya barabara. Kufanya hivyo ni kuirudisha kwa watoto sumu iliyogharimu pesa nyingi kuikamata. Maji nayo ni hivyo hivyo. Huko Herøya, Porsgrunn, nchini Norway, kiwanda kilichozalisha magnesiamu kuanzia 1951 hadi 2002 kilikuwa kikipitisha klorini kwenye oksidi ya magnesiamu yenye kaboni katika joto kali. Dioksini ziliondoka na maji ya kiwanda zikatuama katika matope ya hori la Frierfjord, na watu wakaonywa wasile kaa wa eneo hilo. Kiwanda kilifungwa, matope yakabaki.

Mfano unaofanana zaidi na hali yako uko Taranto, kusini mwa Italia, penye kiwanda kikubwa cha chuma cha ILVA. Mwaka 2008 dioksini zilipatikana katika kondoo na mbuzi waliokuwa wakilisha karibu na hapo, na mifugo zaidi ya elfu moja ikachinjwa na kuteketezwa. Desemba mwaka huo bunge la mkoa wa Puglia lilipitisha sheria yake lenyewe ya kubana dioksini za viwanda, na baadaye malisho katika ardhi isiyolimwa ndani ya kilomita 20 yakapigwa marufuku. Januari 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Italia ilishindwa kuwalinda wakazi wake dhidi ya uchafuzi wa kiwanda hicho. Tazama sumu iligunduliwa wapi: katika maziwa, jibini na mafuta ya wanyama. Wafugaji walioswaga mifugo yao machungani hawakunusa lolote la ajabu.

Hilo linajibu swali la barakoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayoingia mwilini mwa binadamu hupitia chakula, hasa nyama, maziwa, samaki na mayai. Sumu hii haipendi maji, inapenda mafuta. Hutua kwenye majani na udongo, mnyama huila kidogo kidogo, nayo hujilimbikiza katika mafuta yake, kisha katika yako. Mwilini mwa binadamu nusu yake huchukua kati ya miaka 7 na 11 kuondoka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Barakoa nzuri ya vumbi ina faida kwa mtu anayefanya kazi ndani ya kiwanda au anayefagia vumbi lake, lakini kwako wewe nyumbani mlango mkuu wa sumu ni sahani. Hewa ya usiku inastahili kulalamikiwa kwa sababu ya benzini na wenzake, na kufunga madirisha saa za harufu ni sawa.

Ndipo tunafika kwa kuku wako, na hapa sitapunguza makali. Kuku anayejitafutia chakula uani hudonoa udongo mchana kutwa, humeza vumbi pamoja na wadudu, na mafuta yaliyo katika kiini cha yai hukusanya kila kilichokuwemo. Ndiyo maana watafiti wakitaka kujua kama dioksini zimetua mahali, mara nyingi huanza na mayai ya kuku wa namna hiyo. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kiwango kinachovumilika mara saba, hadi pikogramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, na pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Mtu wa kilo 60 basi ana pikogramu 120 za wiki nzima. Kikomo cha kisheria cha mayai huko Ulaya ni pikogramu 2.5 kwa gramu ya mafuta. Yai moja lina kama gramu tano za mafuta, kwa hiyo yai lililofika ukingoni mwa sheria, bila kuuvuka, hubeba pikogramu kama 12, sehemu ya kumi ya kiasi chako cha wiki. Mtoto wa kilo 12 hulimaliza nusu ya kiasi chake kwa yai hilo moja. Karibu na chanzo kibaya, mayai huvuka kikomo hicho mara nyingi.

Mpaka mayai hayo yapimwe, ningewaondoa kuku kwenye udongo. Wawekwe kwenye banda lenye sakafu ya saruji au mbao zilizoinuliwa, walishwe chakula kinachotoka mbali na kiwanda, kiwekwe chomboni na kisimwagwe chini. Kuku akipata chakula safi, kiasi katika mayai yake hushuka ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache. Kuchemsha au kukaanga hakusaidii kitu, sumu hii haiogopi jiko. Mbogamboga zina nafuu kubwa kwa sababu mimea mingi hainyonyi dioksini kwa mizizi. Ziosheni vizuri majani, menyeni viazi na karoti. Jamii ya maboga ndiyo inayokiuka kanuni hiyo: huzinyonya kutoka udongoni na kuzipandisha hadi kwenye tunda, nami nisingeyapanda kwenye udongo unaotiliwa shaka. Nyama yenye mafuta mengi ya wanyama waliolishwa jirani na kiwanda, ondoeni mafuta kabla ya kupika.

Jambo jingine linalowahusu majirani wote, maana wakati mwingine chanzo kikubwa kiko nje ya ukuta wa kiwanda. Vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba ya kuuza wanatengeneza, kwa moto wa chini usio na dohani, hali ile ile niliyoieleza: PVC, shaba, moshi unaofuka taratibu. Mkataba wa Stockholm unauorodhesha uchomaji huo wa nyaya kuwa chanzo. Siwalaumu wao kwanza, wanatafuta riziki, na ndio wanaoanza kuuvuta moshi huo. Namlaumu mnunuzi anayepokea shaba nyeusi iliyoungua kwa bei ile ile ya shaba iliyomenywa. Kiwanda kikitangaza kwamba hakinunui shaba iliyochomwa, na kikalipa zaidi kidogo kwa iliyomenywa kwa kisu au kwa mashine ya kumenyea, mioto hiyo hukosa maana. Liulizeni hili pia mtakapokutana na msimamizi, kwa sababu lipo ndani ya uwezo wake kuanzia kesho.

Kwa binti yako: aendelee kunyonyesha. Najua si jibu unalolitegemea baada ya yote niliyosema, kwa kuwa dioksini hupita kwenye maziwa ya mama kama zinavyopita kwenye maziwa yoyote. Lakini Shirika la Afya Duniani limelipima jambo hili kwa miongo mingi na bado linashikilia unyonyeshaji, kwa sababu faida zake kwa kinga na ukuaji wa mtoto ni kubwa kuliko madhara yanayohofiwa. Katika nchi zilizobana viwanda vyao, kiasi katika maziwa ya akina mama kimekuwa kikishuka tangu miaka ya 1970. Kinachomsaidia ni kuacha mayai ya kuku hao sasa, na asijaribu kupungua uzito kwa haraka wakati huu, maana mafuta ya mwili yakiyeyuka ghafla huachia kilichomo.

Mkimwendea mkaguzi wa mazingira, ombeni kwa barua kipimo cha dioksini cha dohani kilichofanywa mzigo ukitiwa tanurini. Sampuli ya dioksini huchukuliwa kwa saa sita hadi nane, na mwenye kiwanda anayejua siku ya kipimo anaweza kuyeyusha shaba iliyosafishwa siku hiyo nzima. Ombeni rekodi za joto la gesi kabla ya kichujio na risiti za ununuzi wa mkaa amilifu, kwa sababu kiwanda kinachoutumia kweli huununua mara kwa mara. Na ombeni mayai machache ya uani kwenu yapelekwe kwenye maabara yenye uwezo wa kupima pikogramu, pamoja na mengine kutoka mbali na kiwanda kwa ajili ya kulinganisha. Kipimo hicho ni ghali, hakifanywi kila mahali, na mtaambiwa hivyo. Nyumba kadhaa zinaweza kuchanganya mayai yao yakawa sampuli moja, ambayo gharama yake ni ya kipimo kimoja.